Jembe Lililokataa Tupa

Dora mwanangu,

Mama yako ndiye anayefunga mizigo, kwa hiyo habari za chandarua, blanketi na unga wa ulezi sitazigusa. Huko Kigoma unakokwenda kufundisha kama kuna baridi au joto, muulize yeye, maana ameshaulizia kwa watu wote wa Kihonda. Mimi niko karakana. Ni Jumapili mchana, mlango nimeuvuta nusu ili watu wa kanisani wasidhani nimefungua kazi siku ya Bwana, na karatasi nimezilaza juu ya geti la mteja ambalo halijapakwa rangi. Ukiona mwandiko unarukaruka, ni nondo za geti hizo, usianze kusema baba amezeeka mikono.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno niliyosema jana.

Jana jumuiya walipokuja kukuaga na ile keki iliyoandikwa "Chuma hunoa chuma", mwenyekiti alisema hana haja ya kuhubiri, kwa kuwa mwenye nyumba ni fundi chuma na mithali hiyo ni ya kwake. Nikasimama. Nilisema rafiki mwema hukuongezea makali. Nikasema marafiki wawili wakisuguana, wote wawili hung'aa. Nikawachekesha kidogo kwamba huenda Sulemani naye alikuwa na karakana Kihonda. Watu wakapiga makofi, na wewe ukanitazama kwa fahari.

Yale maneno hayakuwa kweli, mwanangu. Ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kushika tupa akanoa kitu. Mimi tupa nimeishika tangu nina miaka kumi na mitano, kwa hiyo sina hata udhuru wa kutojua.

Sasa nikuambie moja kwa moja, maana nikizunguka nitaishia kukuandikia habari za mvua. Jicho lako la kushoto halikuharibiwa na jiwe. Miaka kumi na sita nimekuacha uamini ni jiwe, na nimewaacha watu wote waamini hivyo. Kilichokuingia ni kipande cha chuma. Kilitoka kwenye jembe nililolifua mimi, na rafiki yangu alikuwa ameshaniambia kwamba jembe lile litavunjika. Naandika haya nikijua kwamba kesho unapanda basi, na kwamba unaweza kuondoka bila kunipa mkono. Ninaliogopa hilo kuliko jambo lolote nililowahi kuliogopa. Lakini jana uliponitazama vile niliona kwamba nikikuacha uende na yule baba wa kwenye hotuba, nitakuwa nimeshakupoteza, ila wewe hutakuwa na habari.

Pumzika kidogo kama unahitaji kupumzika. Halafu nisome mpaka mwisho, nakuomba.

Uliwahi kuniuliza kwa nini wazee wa milimani wananiita mhunzi wakati hujawahi kuniona nikifua hata kisu. Nilikujibu kwamba majembe ya dukani yameua kazi, ndiyo maana nikahamia kwenye mageti na madirisha. Ulikubali kwa sababu jibu lilikuwa na akili. Nimegundua kwamba uongo wangu wote ulikuwa na akili.

Uhunzi nilijifunza pamoja na Shabani. Wewe unamjua kama yule mzee mpole aliyekuja kwenye msiba wa Bibi, akakupa pole kwa sauti ya chini, akaondoka mapema. Shabani hakuwa mpole hata siku moja. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani, na alikuwa mtani aliyeshika kazi yake sawasawa. Siku ya harusi yangu alilia kwa sauti nje ya kanisa, akiwaambia watu binti wa wenyewe ametapeliwa. Ulipozaliwa wewe alikuja kukutazama, akainama, akanyanyuka akasema, "Mungu ni mwema jamani, hajafanana na baba yake." Mama yako alicheka mpaka akaumwa tumbo la uzazi. Mimi nilicheka pia. Mtani anaweza kukuambia lolote, mahali popote, mbele ya yeyote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipoweka jambo hilo. Walijua kila mtu anahitaji angalau mtu mmoja ambaye hawezi kumfungia mlango.

Tulikuwa tunafua majembe kwa springi za malori. Mimi nilikuwa mtu wa nyundo, Shabani alikuwa mtu wa moto wa pili. Nikueleze moto wa pili ni nini, kwa sababu bila huo hutaelewa kosa langu. Jembe likishapata umbo, unalipasha mpaka liwe jekundu, kisha unalizamisha majini. Hapo linakuwa gumu sana, gumu kupita kiasi. Ukiliacha hivyo halina uvumilivu, likigonga jiwe linamenyuka. Kwa hiyo unalirudisha pembeni mwa moto, taratibu, ukiangalia rangi inavyopanda juu ya chuma: manjano kwanza, halafu kahawia, halafu samawati ya shingo ya njiwa. Hapo unalitoa. Limepungua ugumu kidogo, lakini sasa linaweza kupigwa na lisivunjike. Kazi hiyo inataka mtu mwenye subira, na mwenye subira alikuwa Shabani.

Mwaka ule ulioumia, mama yake Shabani aliugua, naye Shabani akapanda mlimani kumuuguza karibu mwezi mzima. Mvua zilikuwa karibu, watu wanashuka kutoka vijijini kila siku kutaka majembe, na mimi niko peke yangu. Nikaanza kuruka moto wa pili. Nilijidanganya kwamba jembe gumu ndilo jembe zuri. Nikawa najaribu kwa tupa mbele ya wateja, tupa inateleza juu ya chuma na kulia, haiumi hata kidogo, na mimi nasema, "Mnaona? Jembe ambalo hata tupa hailigusi!" Watu wakapenda. Sifa zikapanda mpaka Mgeta. Dora, ni wahunzi tu wanaoweza kufanya ujinga wa namna hiyo, kuuza ugonjwa wa chuma kwa jina la uzima wake.

Shabani aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua jembe moja na kulipitishia tupa. Akasikiliza. Akapitisha tena.

"Mtani, tupa inateleza," akasema.

"Si ndiyo uzuri wake! Tupa yenyewe inaliogopa."

"Tupa haiogopi kitu. Jembe ndilo limekataa kunolewa. Na mkulima atalinoa kwa kitu gani, kwa meno?" Akaliweka chini. "Hili litavunjika, Klementi. Yarudishe yote motoni."

Nikamwambia nitayarudisha. Sikuyarudisha. Akaniambia mara ya pili, na ya tatu, zote hizo tukiwa wawili tu humu ndani. Naliandika hili kwa sababu baadaye niliwaambia watu kwamba Shabani alinidhalilisha hadharani. Hakuanza na hadhara. Alianza humu ndani, kwa sauti ya kawaida, mara tatu.

Halafu mjomba wangu akafariki. Unajua kwetu mjomba ni nani, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, na watu walijaa kule mlimani. Mimi nilipeleka majembe yangu mapya ya kuchimbia kaburi, nikijiona mtu. Wachimbaji walipopumzika, Shabani akachukua jembe langu moja akarukia ndani ya kaburi, akakaa chini, miguu ameinyoosha. Watani hufanya hivyo, umeona mwenyewe kwenye misiba. Akapaza sauti, "Sitoki humu! Marehemu amekataa kuchimbiwa na kigae! Mpaka Klementi akiri kwamba jembe lake ni kigae, mzee harudi udongoni!"

Watu wakacheka. Mjane mwenyewe alicheka, na huo ndio utani unaofaa msibani, wa kumchekesha aliyefiwa. Mimi nilitakiwa kufanya jambo dogo sana. Nilitakiwa nicheke, niseme, "Mtani umenishinda, toka," nimpe chochote cha kumtoa kaburini, basi. Na kesho yake niyarudishe majembe motoni. Hiyo tu. Jicho lako lilikuwa pale, kwenye jambo dogo lile.

Nilimnyang'anya jembe. Nikamwambia mbele ya ukoo mzima, "Toka humo. Na karakana yangu usiikanyage tena mpaka ufe."

Shabani akapanda juu, akajipangusa udongo. Aliyesema ni mama yangu, Bibi yako. Alisema taratibu, "Klementi, mtani hanuniwi." Mimi nikageuza uso pembeni.

Na jioni, watu walipokuwa wanatawanyika, Bibi alinifuata. Nadhani aliona aibu niliyonayo, na mama ni mama. Akalichukua lile jembe mkononi mwangu akasema, "Hili nitalimia mimi. Waone kama mwanangu hajui kazi."

Unaona lilivyofika kwake. Lilifika kwa mapenzi.

Desemba ile ulipanda kwa Bibi likizo. Ulikuwa darasa la kwanza, umeng'oka meno mawili ya mbele. Unajua mwenyewe shamba lile la maharage lilivyo, ngazi kwa ngazi, mawe yamejificha kila mahali. Bibi alikuwa analima, wewe uko mbele yake unaokota magugu. Jembe likagonga jiwe. Bibi alisikia mlio, akasikia wewe unalia, akaona jiwe limechubuka, akapiga kelele, "Jiwe! Jiwe limemrukia mtoto!" Hapo ndipo neno jiwe lilipozaliwa. Yeye hakudanganya. Alisema alichokiona.

Majirani walikubeba mgongoni mpaka barabarani, ukaletwa mjini kwa pikipiki, na mimi nilikukuta hospitali umeshafungwa bandeji. Daktari aliniita pembeni baada ya kukufanyia upasuaji. Alikuwa na kipande cha pamba mkononi. Akaniuliza, "Baba, mlisema jiwe?" Nikasema ndiyo. Akafunua pamba. Kilikuwa kidogo, hakizidi punje ya mchele, na nilikitambua kabla hajafungua mdomo. Mhunzi anaijua kazi yake. Akasema, "Hiki ni chuma. Jicho hili halitaona tena, pole sana." Nikamwambia nitawaeleza nyumbani. Akanipa kile kipande. Nilipotoka pale nilisimama kwenye daraja la mto nikakitupa, na nikiwa bado nimeshika ukingo wa daraja nikaamua kwamba ni jiwe.

Kesho yake Shabani alikuja hospitali na chupa ya uji. Sikumtegemea. Alikutazama ulivyolala, akaweka uji, akanivuta mpaka ukumbini.

"Ni jembe lile?"

"Ni jiwe," nikasema.

Alinitazama machoni muda mrefu. Nilijua kwamba anajua, naye alijua kwamba najua. Akasema, "Sawa, Bwana Klementi. Ni jiwe. Poleni sana." Akaondoka.

Bwana Klementi. Tulikuwa tumefahamiana miaka ishirini na hajawahi kuniita hivyo. Tangu siku ile tukikutana njiani ananisalimia vizuri, anauliza habari za nyumbani, anaondoka. Hakunitania tena. Usiombe ufike mahali ambapo mtani wako anakuheshimu.

Wiki iliyofuata nilipanda mlimani, nikalichukua lile jembe, limemenyuka kwenye kona, nikampelekea Bibi jembe la dukani. Aliponiuliza la kwake liko wapi nikasema nalipeleka kulinoa. Halafu nikazunguka vijiji vyote nilivyokuwa nimeuza, nikiyakusanya majembe yangu moja moja, nikisema nataka kuyaongezea ubora bila malipo. Watu walinisifu. Kuna mzee aliniombea baraka kwa moyo wangu wa huduma, ameweka mkono wake kichwani kwangu, na mimi nimeinama nimetulia. Majembe yote niliyapata isipokuwa matatu. Miaka mingi nikisikia mtu wa huko ameumia shambani nilikuwa nasubiri wamalize kusimulia ndipo nivute pumzi.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikiogopa kufika tangu nianze barua hii, na si jicho lako. Unisamehe kusema hivyo. Jicho nililiharibu kwa kiburi, na kiburi ni ugonjwa wa watu wengi. Lakini Bibi nilimfanyia nikiwa na akili timamu, kila siku, kwa miaka tisa.

Unakumbuka alivyokuwa akikushika uso kwa mikono miwili, kidole gumba kinapita chini ya jicho lile, anasema, "Nisamehe mjukuu wangu, nilikuweka mbele ya jembe." Na wewe na umri wako ule unamjibu, "Bibi jamani, si ni jiwe tu?" Nilikuwepo. Mara zote nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda, nakunywa chai. Aliacha kulima watoto wakiwa karibu. Aliacha kula maharage ya shamba lile, ulikuwa hujui hilo. Mama yako alikuwa akimbembeleza, "Mama, ni ajali," na mimi nikaitikia, "Ni ajali, Mama." Ningeweza kumtua mzigo kwa sentensi moja. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, ina miaka, imeshakomaa.

Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono. Alisema, "Klementi, naenda kukutana na Mungu nikiwa nimemharibu mtoto wako." Nilimwambia, "Usiseme hivyo, Mama." Nikanyamaza. Akafa akiamini hivyo. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, ulilia mpaka ukapoteza sauti, na watu walinisifu nilivyokuwa imara.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba nimejifunza maana ya mithali ile, elewa nimejifunzia wapi. Mithali haisemi rafiki atakupamba. Chukua tupa na panga uone: ni kelele inayouma masikio, ni joto, na chini panabaki unga mweusi wa chuma ambao hautarudi tena. Panga limepungua. Tupa nayo imepungua, ndiyo maana tupa za zamani ni laini, zimejitoa kwenye mapanga ya watu. Aliyeandika mithali ile nadhani aliwahi kukaa karibu na mhunzi na alisikia kelele zile. Na hakuandika juu ya kila chuma. Kuna chuma ambacho kimekuwa kigumu mno, tupa ikipita inateleza, na mwenye nacho anajisifu kwamba hakiguswi. Hicho hakinolewi na mtu. Kinangoja jiwe.

Nilibaki na marafiki wengi baada ya Shabani. Wote walikuwa wananisifu. Nikikosea kipimo cha dirisha wanasema mteja hajui. Sikumbuki hata mmoja wao alichowahi kunifundisha.

Alhamisi iliyopita niliposema naenda Turiani kufuata vyuma, nilikwenda kumtafuta Shabani. Anaishi huko siku hizi, ananoa na kutengeneza mapanga ya wakata miwa. Nilimkuta chini ya banda la mabati, ndevu nyeupe, tupa mkononi. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi."

"Kaa basi, Bwana Klementi," akasema, akanisogezea kiti. Akaendelea kunoa. Nikamweleza kila kitu, mpaka la Bibi kufa. Hapo tupa ilisimama.

"Mama alikufa hajui?"

"Hajui."

Halafu akasema, "Huyo umemchelewa. Hutampata. Binti yupo?"

"Anaondoka Jumatatu."

"Na wewe umekuja huku kwangu kufanya nini, wakati mwenyewe yuko nyumbani?"

Nikamwambia nafikiria kuandika barua niifiche chini ya begi lako, uikute Kigoma. Akatikisa kichwa. "Ukiificha, hilo ni jiwe lile lile. Mpe mkononi."

"Akinichukia?"

"Atakuchukia, ndiyo. Kwani ulidhani kunolewa kunatekenya?" Halafu akanitazama juu mpaka chini, nikaona kitu kinacheza kwenye midomo yake. "Yaani mhunzi mzima, macho mawili, anamwogopa mtoto wa jicho moja!"

Dora, nililia. Nililia mbele ya wakata miwa waliokuja kuchukua mapanga yao. Usimkasirikie kwa utani ule, maana sikulia kwa maneno yenyewe. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na sita mtu alikuwa amenitania.

Ijumaa nilimwambia mama yako. Ukishangaa kwa nini tangu juzi anaongea na masufuria tu, sababu ni hiyo. Nilimwomba anisaidie kukuambia, akanijibu, "Mimi sitakuwa mdomo wako. Andika mwenyewe." Halafu akaenda chumbani penye picha ya Bibi na kufunga mlango. Usimuulize kitu usiku huu kama hataki kusema. Naye limemwingia juzi tu.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Barua haina uso, na mithali ile inataja uso, mtu na uso wa rafiki yake. Nimeisoma mara nyingi wiki hii, na neno hilo ndilo lililonikamata. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, nyamaza, mshahara wako utakuwa nao na simu yako unayo, huna haja yangu. Nina ombi moja tu, na hilo si la kwangu. Ukipata siku ya kusali, mwambie Bibi. Mimi nimeshakwenda kaburini kwake kumwambia, nilikwenda jana asubuhi kabla ya wageni, lakini nilisikia kama najisemea mwenyewe. Wewe alikupenda zaidi. Labda kwako atasikia.

Huko Kigoma utakuta walimu wenzako. Wapo watakaokusifu darasa lako likinyamaza. Atakuwepo mmoja, pengine asiyependeza, atakayekuambia kwamba watoto wamenyamaza kwa sababu wanakuogopa. Utatamani kumfukuza. Sina la kukuongoza hapo, wewe unajua sasa mimi nilifanya nini.

Bado jambo moja, na hili hata mama yako halijui.

Tangu upone, kila tunapotembea pamoja mimi hushika upande wako wa kushoto. Majirani huwa wanasema, mtazameni baba Dora, anamkinga binti upande asioona. Wewe mwenyewe uliandika hivyo kwenye insha ya darasa la sita, mwalimu akaisoma mbele ya wenzako, ukaja nayo nyumbani kunionyesha. Sikuwa nakukinga, mwanangu. Nilichagua upande ule kwa sababu ndipo usipoweza kuniona usoni.

Kesho saa kumi na moja alfajiri tunatoka kwenda stendi ya Msamvu. Nitatembea kulia kwako.

Baba yako,
Klementi